Jamhuri ya Uani

Mawese yakimiminwa kwenye sufuria kavu na moto ukawa mkali, kuna kipindi kifupi, kabla kitunguu hakijaingia, ambapo hutoa harufu nzito ya kukaba koo na wekundu wake huanza kupauka. Wageni wangu wa Dar es Salaam hukimbilia kufungua madirisha. Mimi huinamia sufuria. Nimeuza mawese nusu ya maisha yangu, ningekuwa nimeshaichoka harufu hiyo, lakini kila nikiisikia natulia kidogo tu, halafu naanza kuhangaika. Nakaa, nasimama, nafungua mlango wa nyuma kuangalia nani yuko uani. Mume wangu hucheka na kuniuliza kama nimekalia siafu. Uani hakuna mtu. Basi kaeni niwaeleze huwa namwangalia nani.

Nilikulia Rusimbi, mjini Kigoma, katika nyumba ya bibi yangu mzaa baba. Ilikuwa nyumba ya vyumba vinavyotazamana, ukumbi mrefu katikati, na nyuma yake ua mpana wenye jiko, bafu na mchikichi mmoja uliozaa upendavyo wenyewe. Bibi ndiye aliyekuwa serikali. Aliamua nani anapanga, nani anahama, saa ngapi moto unawashwa na mtoto gani anastahili mwiko wa mgongo. Babu na bibi zake walikuja Ujiji kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa, na ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kupanda hata mtumbwi, aliizungumzia ng'ambo hiyo kama shamba alilomwachia jirani amtunzie.

Chumba cha mbele alipanga Mzee Bukuru, Muha wa Kasulu, kuli mstaafu wa bandarini, mwenye redio iliyofungwa kwa mpira wa baiskeli ili isimwage matumbo. Chumba kilichopakana na chetu walikaa Mama Mapendo na binti yake Mapendo. Walikuwa wamevuka ziwa wakikimbia vita. Baba yake Mapendo, mwalimu wa shule ya msingi, walipotezana naye njiani, na tangu hapo hawakupata habari yake. Bibi alipowapokea hakuuliza maswali mengi. Aliwaonyesha chumba, akawaonyesha sinia, akasema wanaokula hapa wanaosha vyombo.

Mapendo alikuwa rika langu. Alikuwa mwembamba, mbishi, na alikuwa na tabia ya kunyamaza kwanza kabla ya kujibu, jambo lililonitia wazimu kwa sababu mimi nilikuwa najibu kabla ya kuulizwa. Shuleni walimpachika jina la Zaire. "Zaire, futa ubao." "Zaire, una kalamu?" Yeye aliitika tu.

Mchana mmoja, sisi tukiwa tunamenya chikichi na Bibi anakaanga dagaa kwa mawese, Mzee Bukuru alitoka na redio yake ameikumbatia. Aliongeza sauti. Nchi ya ng'ambo, ikasema redio, imepata serikali mpya, bendera mpya na jina jipya. Zaire haipo tena. Kuanzia leo ni jamhuri nyingine.

Mama Mapendo alishika ukuta. Bibi aliepua sufuria akasema, "Wamebadilisha jina la nchi yetu, hata kutuambia hawakutuambia."

"Nchi yenu tangu lini?" Mzee Bukuru akamtania. "Wewe mama hata ufukweni Kibirizi kupanda boti unaogopa."

"Nyamaza, Muha. Kalime."

Wakacheka. Mapendo hakucheka. Alibaki ameshika kisu na chikichi, kisha akaniambia polepole, kwa Kiswahili cha kwao, "Siwema, kesho shuleni bataniita nani?"

Jambo lile lilinisumbua kuliko nilivyotaka. Nilikuwa nikidhani nchi ni kama ziwa, ulizaliwa ukalikuta na utakufa uliache palepale. Kumbe nchi inaweza kuondolewa mchana, dagaa wakiwa bado jikoni. Siku mbili tatu nilizunguka uani sitaki kucheza rede, sitaki kula. Ni Mapendo aliyepata dawa.

"Kama bo wanaweza kuanzisha inchi kwa redio," alisema, "siye tutaanzisha ya kwetu kwa midomo."

Hivyo ndivyo ilivyozaliwa Jamhuri ya Uani. Raia wa kwanza tulikuwa watoto wa nyumba ile pamoja na wa nyumba ya jirani waliokuja kula kwetu siku ambazo kwao hakukuiva. Mdogo wangu Hamisi alitaka tuanze na jeshi, yeye awe mkuu wake. Mapendo alikataa katakata. Tutaanza na katiba, alisema, kwa sababu baba yake alikuwa akisema kwao shida ilianzia hapo, sheria ilikuwa inalala hivi inaamka vile, kadiri mkubwa alivyoamka.

Karatasi hatukuwa nazo za kuchezea, madaftari yalikuwa ya shule. Basi katiba yetu tuliihifadhi kifuani, kama tulivyohifadhi sura za madrasa: Mapendo anatamka, sisi tunaitikia kwa kuyumbayumba, mpaka hata mtoto wa kutambaa akawa anayumba. Maji ya bomba yatachotwa na wavulana na wasichana sawasawa. Aliyekula kwenye sinia la uani ni raia, hata kama amekula mara moja. Raia hapigwi kabla hajasikilizwa. Raia haondoki uani, wala haondolewi, mpaka wananchi wapige kura na wengi wakubali.

Kifungu hicho cha mwisho alikitaka yeye, na hakutuambia kwa nini. Siku nyingine tu, tukiwa foleni ya bomba, alinieleza bila kuniangalia kwamba kwao watu walikuja asubuhi wakasema ninyi si wa hapa, tokeni, na majirani wakatoka nje kutazama wakiwa wameshika vikombe vya chai.

Na urais? Hapo ndipo utajua kuwa tulikuwa watoto wa Kigoma. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikianza kuwaka wavuvi hurudi nyumbani kulala, kushona nyavu na kugombeza watoto. Kwa hiyo tuliamua muhula wa rais uwe giza moja. Mbalamwezi jamhuri inakwenda likizo, kwa kuwa baba zetu wako nyumbani na hakuna rais ambaye angethubutu kutoa amri mbele yao. Na katiba haiguswi rais akiwa madarakani. Ikibadilishwa, ibadilishwe kiti kikiwa wazi, asiwepo mtu wa kuishona kwa kipimo chake.

Kura zilikuwa kokwa za chikichi. Kila raia alikuwa na kokwa moja na kijiwe kimoja, kokwa ni ndiyo, kijiwe ni hapana, unaingiza mkono chunguni umekunja ngumi na hakuna anayejua umeachia nini. Muhula wa pili nilishinda mimi. Niliahidi ukoko wa wali ugawanywe sawa badala ya kuliwa na anayeosha sufuria, na nadhani mpaka leo hakuna mgombea aliyetimiza ahadi yake haraka kama nilivyofanya. Mapendo hakugombea. Alisema yeye kazi yake ni kutunza katiba isipotee vichwani mwetu.

Watu wazima walituacha. Walidhani ni mchezo, mpaka siku Hamisi alipovunja mtungi wa Bibi, ule wa maji ya kunywa, wa urithi. Bibi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Hamisi akajikunyata karibu na bafu. Mapendo akasimama katikati yao.

"Bibi, shikamoo. Hapigwi bila kusikilizwa."

Bibi akamtazama. Sijui kama kuna mtu aliwahi kumwambia neno la namna ile tangu azaliwe. "Nani amesema?"

"Katiba."

"Na mimi hiyo katiba inanihusu nini?"

"Bibi, umekula kwenye sinia?"

"Sinia ni langu."

"Basi wewe ni raia."

Bibi aligeuza kichwa kumtazama Mzee Bukuru, kama kumwomba msaada, na mzee yule mtani akajibu kwa ukali wa bandia, "Hata mimi nimekula, mama. Tunangoja." Bibi akavuta kibao cha mbuzi, akakalia, mwiko mapajani. "Haya, mume wangu, sema." Hamisi akasimulia uongo mrefu kuhusu bata wa jirani, aliyeingia kwa mguu wa kulia akatoka kwa wa kushoto, mpaka Bibi akajifunika uso kwa khanga mabega yakimcheza. Hukumu ilikuwa kuchota maji ya nyumba nzima mpaka Bibi apate mtungi mwingine. Mwiko ulirudi jikoni.

Baada ya hapo Bibi alimwita Mapendo pembeni, nami nikasogea kwa kuwa ni rais. "Na siku nikikataa kuitii hiyo katiba yenu?" akamuuliza.

Mapendo alinyamaza kama kawaida yake. "Basi hatutakuwa na inchi, Bibi. Tutakuwa tu na wewe."

Bibi hakukasirika. Alisema atatii, akanyanyua kidole cha shahada kuonyesha kwamba hatanii.

Sasa njooni kwenye jambo lenyewe. Giza lilikuwa katikati, mimi bado rais, alipokuja nahodha wa boti kutoka Kibirizi akimuulizia Mama Mapendo kwa jina lake la kuzaliwa. Alikuwa na ujumbe wa mdomo. Mwalimu yu hai. Yuko Kalemie, amerudishwa kazini, amepata chumba, na anasema nchi imetulia, mke na mtoto waje. Boti inaondoka kesho kutwa asubuhi. Safari nyingine hakuiahidi, mafuta yalikuwa ya shida na ng'ambo mambo yalikuwa hayajakaa sawa.

Mama Mapendo alikaa chini ukumbini miguu ameinyoosha, akalia, akacheka, akalia tena. Bibi alimpangusa uso kwa ncha ya khanga. Jioni ile begi lilitolewa mvunguni.

Mapendo alikuja uani akasimama mbele yangu. "Miye siendi. Ninaomba kusikilizwa."

Nilifurahi mno. Nawaambieni kweli, sikufikiria baba yake hata kidogo. Niliona Mapendo anabaki na moyo wangu ukaruka. Nikaitisha wananchi kesho yake baada ya shule, Bibi akatandika mikeka, na nyumba nzima ikakaa, Mzee Bukuru akiwa amezima redio yake kwa heshima.

Mapendo alizungumza akiwa amesimama. Alisema amechoka kutoka. Alisema inchi ile mpya aliisikia ikizaliwa kwenye redio, na anajua redio hiyo hiyo mchana mwingine inaweza kusema imekufa, na wao watatoka tena. "Hapa nimetunga katiba," alisema. "Kule sikutunga kitu. Baba namupenda. Aje yeye."

Mama Mapendo akanyoosha mkono. "Bibi, na miye nimekula kwa sinia. Ninaomba kusikilizwa." Alizungumza kwa sauti ndogo, kwa muda mfupi. Alisema mwanamume yule amekaa muda wote ule akidhani wamekufa. Akasema boti hii ikienda bila wao, hajui kama atawangoja tena, na yeye bila mtoto wake hawezi kupanda boti yoyote. Kisha akajifunga kitenge upya, ingawa hakikuwa kimelegea.

Tukapiga kura, aondoke au asiondoke. Watoto tulikuwa wengi kuliko wakubwa, tena tulikuwa tumeshazungumza njiani. Mzee Bukuru alimwaga chungu juu ya mkeka na vijiwe vikajaa. Asiondoke. Tulirukaruka, Hamisi akapiga mbinja. Halafu tukaona wakubwa wamekaa kimya, nasi tukanyamaza mmoja mmoja.

"Amri imepita," alisema Bibi. Sauti yake haikuwa na mchezo. "Niliahidi."

Nilimtazama Mama Mapendo, nikingoja amcheke Bibi, au amshike binti yake mkono amburute. Ningekuwa mimi ningefanya hivyo. Yeye aliinuka, akaingia chumbani, na kupitia mlango tulimwona anaanza kutoa nguo begini, moja moja, anazikunja, anazirudisha kwenye kamba. Alipofikia shati la mwalimu, alilovuka nalo, akakaa nalo kitandani.

Usiku ule kwenye sinia mkono wake haukuwepo.

Alfajiri tulikuwa foleni ya bomba, mimi na Mapendo, ndoo zimepangwa. Boti ilikuwa iondoke asubuhi ile ile. Macho yake yalikuwa yamevimba.

"Siwema," alisema, "tubadilishe sheria."

"Haibadilishwi. Rais yupo. Wewe mwenyewe ndiye uliyesema."

"Najua ni miye."

"Giza halijaisha."

"Najua."

Hakuniomba. Hilo ndilo liliniudhi zaidi, kwamba hakuniomba. Alisimama tu akitazama maji yanavyotiririka kwenye ndoo ya mtu mwingine. Nilimwambia maneno mabaya, kwamba ni kigeugeu, kwamba aende kwenye nchi yake ya redio. Nikaacha ndoo nikakimbia nyumbani, nikazunguka nyumba, nikazunguka tena, nikapanda juu ya ukuta, nikashuka. Mama Mapendo alikuwa anafagia ua. Alifagia vizuri, kuanzia pembeni kuja katikati, kama mtu anayejua atafagia hapo kesho na kesho kutwa. Aliponiona akaniamkia kwa upole, "Umeamkaje, mama rais?" Hakuwa anatania.

Nikaingia jikoni, nikachukua sufuria na mwiko wa Bibi, nikatoka kuipiga katikati ya ua mpaka watu wote wakatoka na usingizi wao. Shuleni tulifundishwa neno moja la kiongozi anayeondoka mwenyewe bila kusukumwa, na sikuwahi kudhani nitalihitaji.

"Nimeng'atuka," nikasema, nikaketi chini nikaanza kulia kwa sauti.

Kiti kilikuwa wazi. Mapendo aliingia na ndoo mbili, yake na yangu, akazitua. Alielewa kabla ya wote. Alitamka na sisi tukaitikia, tumekaa kwenye vumbi lililofagiliwa, wengine bado na tongo za usingizi machoni: raia akitaka kwenda, aende, asizuiwe kwa kura, na uraia wake usifutwe popote atakapokuwa. Tulirudia mpaka kifungu kikakaa kifuani. Bibi aliitikia. Mzee Bukuru aliitikia kwa Kiha chake kizito. Mama Mapendo alisimama na ufagio mkononi midomo inatikisika bila sauti.

Nguo zilirudi begini kwa fujo, Hamisi akatumwa mbio kumzuia nahodha, na tukashuka Kibirizi nusu tunatembea nusu tunakimbia. Sikumbuki tuliagana vipi. Nakumbuka maji yalikuwa tulivu, na boti iliyojaa magunia ya chumvi na mapipa, na kwamba alikaa juu ya begi amenipa mgongo, na mimi nilijua kwa nini: akigeuka angeshuka.

Jamhuri haikufika mbali baada ya hapo. Hakuna aliyetaka urais. Mbalamwezi ilipokuja baba yangu alituuliza serikali iko wapi, tukamwambia ipo likizo, na haikurudi.

Nilikuwa mkubwa, nimeshazaa, nilipomuuliza Bibi kwa nini walikubali. Walikuwa watu wazima. Wangesema basi, mchezo umekwisha, mtoto apande boti. Tulikuwa tunachambua mchele, naye hakuinua macho.

"Mimi ningesema," akajibu. "Nilimfuata Mama Mapendo chumbani, nikamwambia mwanangu, achana na watoto, funga mzigo wako. Akanikatalia. Akaniambia, Bibi, huyu mtoto katika maisha yake hajawahi kuona mkubwa ameshindwa na sheria akakubali. Acha aone. Hata kama ni mara moja."

Kwa miaka yote niliyokuwa nikijisifu kimoyomoyo kwamba mimi ndiye niliyeachia kiti, kulikuwa na mwanamke aliyekuwa amemwachilia mume wake, akakunja nguo, akafagia ua. Alikuwa amekubali kumpoteza. Niliacha kuchambua, nikaenda kunawa uso, na mpaka leo nikimkumbuka na ule ufagio nashindwa kukaa mahali pamoja.

Vita vilirudi ng'ambo muda si mrefu. Kutoka Kalemie hatukupata neno, wala la redio, wala la nahodha. Kila vikipamba moto kule, boti huja Kibirizi zimejaa watu na magodoro, na mimi hufunga duka nikashuka. Nasimama penye kamba ambapo maofisa huwapanga wageni, natazama wanawake wa rika langu, wembamba, wanaonyamaza kwanza kabla ya kujibu. Safari ya mwisho kijana mmoja wa sare, mpole, alinijia akaniuliza, "Shikamoo mama, unamtafuta mkimbizi gani?"

Nikamwambia simtafuti mkimbizi, namtafuta raia wetu.